Neno la Nne la Babu Blanketi

Watoto wa mtaa walilijua blanketi kabla hawajaijua sura ya mzee aliyelibeba. Lilikuwa la kijivu, zito, lenye mstari mmoja mwekundu pembeni na matundu mawili ya kuungua, na yeye alilibeba begani limekunjwa, kama mtu anayehama nyumba kila siku. Wakamwita Babu Blanketi. Jina likapanda mpaka kituoni, mkuu wa zimamoto mwenyewe akawa analitumia, na mkewe nyumbani, siku akiwa na hasira, alimwambia, "Wewe Blanketi, chakula kinapoa." Jina la kuzaliwa likabaki kwenye faili la hospitali.

Hakuanza na blanketi. Miaka ishirini na miwili alipanda gari la maji, akikaa mbele, mkono kwenye kitasa, mguu uko nje kabla gari halijasimama. Halafu siku moja ghala la magodoro likaungua. Alitoka na mlinzi mgongoni, watu wakampigia makofi, na kwa macho ya watu alikuwa mzima. Ila moshi ulimkaa kifuani, na tangu siku ile ngazi tatu zilimtosha. Ya nne ilimkuta ameshika ukuta, kichwa kimeinama, utadhani anasikiliza maongezi ya watu wa ndani. Daktari akaandika alichoandika. Mkuu akamwita, akamkalisha kitini, jambo ambalo mkuu hakuwa na kawaida nalo, akasema, "Mzee, tunakupeleka elimu kwa umma."

Dereva wa gari la maji, rafiki yake wa siku nyingi na mtu asiyejua kunyamaza, alikuwa anamngoja nje ya mlango.

"Yaani moto kuuzima umeshindwa, sasa unaenda kuusimulia."

"Bora mimi nitasimulia," alimjibu. "Wewe tangu uanze kazi hujawahi kushuka kwenye kiti."

Elimu kwa umma ilikuwa meza moja na sanduku jekundu la bati. Ndani ya sanduku, mtangulizi wake aliyestaafu alikuwa ameacha sufuria pana iliyopinda mdomo, lile blanketi, filimbi, picha za kuchora za mtu anayetambaa chini ya moshi, na daftari la mahudhurio. Alimwachia na ujanja wa kazi, na huo ndio uliokuja kuleta msiba.

Ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Mafuta ya kupikia yanachelewa kuwaka. Unayaweka jikoni, unangoja robo saa, unangoja tena, na watu waliokuja kutazama moto wanaanza kukumbuka nguo walizoanika. Petroli haichelewi. Basi ulikuwa unatia maji kwenye sufuria, kina cha vidole viwili, juu yake unamwaga petroli kikombe kidogo cha kahawa, unawasha. Moto unaruka mpaka kifuani. Watu wanarudi nyuma wakipiga kelele. Unafunika kwa blanketi lililoloa, moto unakufa. Na ili waamini kwamba umekufa kweli, unafunua. Makofi yako hapo.

Babu Blanketi alijua, kama kila mtu aliyepanda gari la maji anavyojua, kwamba mafuta ya kupikia hayafi namna ile. Yakishachemka mpaka yakawaka yenyewe, ukiyafunika yanalala tu. Ukiyafunua kabla hayajapoa yanavuta hewa na kuamka na hasira zote. Nusu saa hayaguswi. Alijua, na kusema alisema. Alikuwa anasema mwishoni, akiwa anakunja blanketi, akina mama wameshaanza kuokota stuli zao: "Nyumbani msifunue haraka, jamani, eeh?" Wawili watatu waliitika "Eeh" bila kugeuka.

Alipoona watoto wanasahau, akawatungia maneno manne ya kupigia kelele. Yeye anatamka, wao wanapokea.

"Loanisha!"

"Kamua!"

"Funika!"

"Funua!"

La nne walilipenda kuliko yote, maana hapo aliliinua blanketi juu kwa mikono miwili kama mchuuzi anayeonyesha shuka, akawauliza, "Mnauona?" Nao wakajibu kwa sauti ya kupasua masikio, "Hatuuoni!" Miaka minane alikwenda hivyo, shuleni, kwenye nyumba za kupanga, kwenye karakana za maseremala. Akipita njiani, watoto walimpigia maneno yale kutoka madirishani, naye akatembea akitabasamu, kifua kinapiga filimbi chenyewe.

Katika nyumba moja ya kupanga, yenye vyumba kumi na viwili na ua mmoja katikati, alikaa mwanamke aliyekaanga viazi vya kuuza mlangoni pake. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, mtu mkimya, vidole vyake vyeusi hata siku ya mapumziko. Walikuwa na mapacha wa kike wa miaka sita, na mwanamke yule akaitwa Mama Pacha na kila mtu. Wa kwanza alimtangulia mwenzake kuzaliwa kwa dakika kumi, na hakuna siku iliyopita bila kumkumbusha: "Mimi mkubwa wako, niamkie."

Siku Babu Blanketi alipofika kwenye ua ule, saa tisa alasiri, jua limeupiga ukuta wa choo, watu walijaa. Aliwapanga kama kawaida yake. "Wadogo mbele, wakubwa nyuma, kila mtu aone." Mtoto mdogo wa mapacha akaja mbele kabisa. Mkubwa akataka kumfuata.

"Wewe si umesema mkubwa?" mama yao akamwambia. "Basi kaa nyuma na wakubwa wenzako."

Watu wakacheka. Moto ukawashwa, ukafunikwa, ukafunuliwa. Jirani mmoja mwenye maneno akasema, "Babu, njoo na kwangu, mume wangu anawaka tangu asubuhi." Mwingine akadakia, "Mfunike, lakini usimfunue!"

Mama Pacha ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana. "Babu, na asiye na blanketi?"

"Taulo, shuka, chochote cha pamba, mwanangu. Kiloe, kikamuliwe, kisidondoshe maji. Hebu njoo ufanye mwenyewe."

Akaja. Aliloanisha, akakamua kwa mikono ya mtu aliyezoea kufua, akafunika bila kuogopa. Babu akamwambia, "Haya, funua, wakuone." Akafunua, akainua juu, akageuka na kuuliza kwa sauti ya kumwiga mzee, "Mnauona?" Ua mzima ukalipuka kwa vicheko. Mapacha wake walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kabla ya kuondoka Babu aliwaandikisha watu kwenye daftari, na Mama Pacha akaweka sahihi yake, herufi kubwa zilizosimama wima.

Ilipita miezi minne.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni, gari la maji lilipotoka kituoni na kurudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Dereva alishuka, akakaa kwenye ngazi ya gari, akavua kofia. Hakufanya mzaha wowote.

"Ni ule ua wa viazi," alisema. "Moto wenyewe mdogo, tumekuta umeshaisha. Lakini mama ameungua mikono na shingo. Na mtoto mmoja..." Akaitazama kofia yake. "Mtoto uso wote."

Mtoto alikuwa yule mdogo. Aliishi mpaka Ijumaa.

Wiki iliyofuata Babu Blanketi alitumwa hospitali na fomu ya maelezo, kwa kuwa mkuu alisema mzee ana mdomo mtamu kwa wafiwa. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na dirisha moja lililokwama. Mama Pacha alikuwa amelala chali, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni, imewekwa juu ya mito kama vitu vya mtu mwingine. Alipomwona mzee, hakulia. Alisema taratibu, kama mwanafunzi anayetaka asahihishwe.

"Babu, mafuta yaliwaka nikiwa namenya viazi. Sikukimbia. Nilizima gesi. Nikachukua taulo, nikaloanisha, nikakamua. Nikafunika. Moto ukazima, Babu, wallahi ulizima. Nikawaita watoto, nikawaambia njooni muone, ni kama alivyosema Babu Blanketi. Wakaja. Nikafunua."

Kwenye kitanda cha jirani, mgonjwa alikuwa anaomba maji na hakuna aliyemsikia.

"Nilikosea wapi, Babu?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mzee aliiinamia ile fomu, akayaandika maneno ya mama yule moja baada ya jingine. Mwisho akasema, "Pumzika kwanza, mwanangu." Akaenda kumchotea maji mgonjwa wa jirani, akamnywesha, akatoka.

Kituoni mkuu aliisoma fomu, akalifungua daftari la mahudhurio, akaiona ile sahihi iliyosimama wima. Akapumua kama mtu aliyepata funguo zake. Kwenye nafasi ya *Sababu* akaandika: *Mhusika alifunua sufuria kabla ya wakati, kinyume cha maelekezo aliyopewa kwenye mafunzo.* Akamsogezea mzee karatasi.

"Ulimwambia asifunue haraka, sivyo?"

"Nilisema, mkuu. Mwishoni."

"Basi. Saini hapa."

Akasaini. Umebakisha miezi saba kustaafu, mapafu yako nusu, meza yako ni moja na sanduku ni moja. Mkono unajua njia ya kuandika jina lako hata kama wewe hutaki kuusindikiza. Usiku ule na mingine iliyofuata mkewe alimsikia akigeukageuka kitandani, akadhani ni kifua.

Karatasi haikukaa kituoni. Nakala ilipewa familia, kama desturi ya ofisi. Mama mkwe wa Mama Pacha, mwanamke mrefu, mshoni wa sare za shule, hakuwa na miwani yake siku ile, akamwambia jirani amsomee. Jirani akasoma. Mama mkwe akamwomba arudie pale pa *kinyume cha maelekezo*. Kesho yake alikwenda kwenye ule ua, akafunga nguo za pacha aliyebaki ndani ya mfuko wa plastiki, akaondoka naye. Mama Pacha alipotoka hospitali, mikono bado imefungwa, hakuweza hata kuugonga mlango wa mama mkwe. Alisimama nje akaita. Akajibiwa kupitia dirishani: "Alifundishwa na serikali akakataa kusikia. Mmoja amemmaliza. Huyu simpi."

Habari hizi zililetwa na dereva, aliyekuwa anakaa mtaa ule ule. Alizisimulia akiosha matairi, pamoja na kikao cha familia kilichopangwa Jumamosi, na alipomaliza akauliza, "Mzee, mbona umekaa chini?"

Babu Blanketi alikuwa amekaa kwenye sakafu yenye maji. "Hakukataa kusikia," alisema. "Alisikia kuliko wote. Kufunua nilimfundisha mimi."

Dereva akaufunga mpira wa maji. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa mjinga. "Ukilisema hilo, mkuu atakula wewe na viatu vyako."

"Viatu atakuta vimechakaa. Jumamosi uko zamu?"

"Niko mapumziko."

"Nibebee sanduku. Ngazi za kupandia kwa yule mama mkwe ni nyingi."

Ilikuwa siku ya kikao cha familia. Mume, yule fundi, alikuwa amewaita watu wa pande zote mbili nyumbani kwa mama yake: mama mwenyewe, mkewe, na kaka wa mkewe. Sebule ilijaa vitambaa vya sare vya rangi ya bluu, cherehani imefunikwa, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtoto alikuwa amewekwa chumba cha ndani. Babu Blanketi alipoingia, akihema, na dereva nyuma yake na sanduku jekundu kichwani, Mama Pacha aliinamisha uso.

"Shikamoo, mama," mzee alimwambia mama mkwe, ingawa walilingana umri.

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Hakuna. Naomba jiko na mafuta ya kupikia. Nina jambo haliwezi kusemwa kwa mdomo tu."

"Moto? Ndani ya nyumba hii? Mzee, una akili?"

Fundi akaongea kwa mara ya kwanza. "Mama, mwache. Uani."

Mama Pacha alikataa kutoka. Alibaki sebuleni, ameugeukia ukuta. Wengine walisimama mbali, mzee akawarudisha mbali zaidi. Alifanya kwanza lile la siku zote: maji, petroli, kiberiti. Alifunika, akafunua. Moto haukuwepo. "Hivi ndivyo nilivyowaonyesha," alisema. "Miaka minane. Kwa petroli, maana inawahi."

Kisha akabandika sufuria nyingine yenye mafuta ya kupikia, akangoja. Dakika tano. Kumi. Mama mkwe akatingisha kichwa. "Umekuja kutupikia?" Hakuna aliyecheka. Kaka wa Mama Pacha akatazama saa. Mafuta yakaanza kutoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha bila ya mtu kuyagusa yakawaka. Mzee akafunga gesi, akasogea kwa ubavu, akafunika kwa blanketi. Moto ukalala. Harufu ya pamba mbichi ikapanda uani. Akahesabu mpaka ishirini kwa sauti. Akachukua fito ndefu, akalishika blanketi kwa ncha yake, akalivuta.

Moto uliruka kwa kishindo kimoja kizito, ukapita juu ya ukuta wa ua. Mama mkwe akaanguka mikononi mwa mwanawe. Na ndani ya sebule, Mama Pacha, aliyeusikia mlio ule kwa mara ya pili maishani, alitoa sauti ambayo dereva, mtu wa kusema kila kitu, hakuwahi kumsimulia mtu.

Mzee akafunika tena, safari hii akaacha. Akaenda mpaka kizingitini, hakuingia.

"Mwanangu, uliniuliza ulikosea wapi, mimi nikakwambia upumzike. Hukukosea. Ulifanya yote manne kama nilivyokufundisha. La nne ni la uongo, na nilijua. Karatasi ile nimeisaini nikijua."

Mama Pacha hakugeuka.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama sawa. Alimfuata mzee mpaka pale kizingitini.

"Kwa hiyo mjukuu wangu umemuua wewe."

"Ndiyo, mama."

Alikuwa mwanamke mgumu, lakini hakuwa mtu wa kugeuza maneno. Hakumwomba mkwewe msamaha, siku ile wala nyingine. Aliingia chumba cha ndani, akasikika akisema, "Vaa viatu. Mama yako amekuja kukuchukua." Mtoto akatoka na ule mfuko wa plastiki, akaenda kusimama karibu na mama yake. Mikono ya bendeji haikuweza kumshika, ikabaki imeinuliwa hewani, juu ya kichwa chake.

"Na wewe," mama mkwe akamwambia mzee, "nisikuone tena. Si kwangu, si kwa wanangu."

"Sawa, mama."

Jumatatu mzee aliandika upya maelezo yake, kurasa mbili, mwandiko mbaya, akaziweka mezani kwa mkuu. Mkuu alisoma akawa mwekundu wa macho. "Unataka kituo kizima kionekane kinaua watu?" Karatasi ile ya kwanza haikubadilishwa, kwa kuwa ilishapigwa mhuri. Sanduku likafungwa kufuli. Mzee akawekwa getini, kuandika magari yanayoingia na kutoka.

Lakini daftari la mahudhurio alikuwa ameshalinakili. Sehemu sitini na moja. Kila Jumamosi na kila Jumapili alikwenda kwa miguu, bila blanketi, akipumzika kila kona, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. "Nimekuja kulifuta neno la nne. Ukishafunika, usifunue. Ondoka. Ni *ondoka*, si *funua*." Wengine walimkaribisha maji. Wengine walishahama na waliopanga baada yao hawakujua anazungumza nini. Watoto ndio walimchosha zaidi. Aliwafundisha "Ondoka!" mpaka wakapaza sauti vizuri, kisha akiwa ameshafika barabarani aliwasikia nyuma yake wakicheza, na neno walilopiga lilikuwa lile la zamani, maana ndilo lenye utamu. Alirudi. Mahali pengine alirudi mara tatu.

Kila alipomaliza mahali, aliweka alama ya vema kwa penseli kwenye daftari lake la nakala. Alikuwa amefikisha kumi na tisa alipofika kwenye shule ya msingi ya mtaa wa Mama Pacha, kwa ruhusa ya mwalimu wa darasa la kwanza aliyemwachia dakika za mwisho za Ijumaa, siku aliyoomba ruhusa kazini. Aliwafundisha wote, wakapokea vizuri. Kengele ikalia, wakatoka mbio. Mmoja alibaki kwenye dawati la nyuma kabisa, ingawa hata wakati wa somo viti vya mbele vilikuwa wazi. Mzee alimtambua, akataka kuondoka kwa sababu ya ahadi aliyotoa kwa bibi yake.

"Babu," mtoto akasema.

"Naam, mama."

"Ulisema wadogo mbele, wakubwa nyuma." Alikuwa anachezea kifungo cha sare, cha bluu, kimeshonwa vizuri. "Mama alipotuita, mdogo wangu akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma. Mimi ndiye mkubwa."

Mzee alishika ukingo wa mlango, kama alivyoshika kuta zote. Mtoto alichukua mfuko wake, akampita taratibu, akatoka kwenye jua.

Babu Blanketi alikaa kwenye dawati dogo, magoti yamegusa kidevu. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa alama za vema. Alizifuta moja baada ya nyingine kwa kifutio alichokiokota sakafuni, zote kumi na tisa. Kisha pembeni, chini ya *usifunue* aliloliandika siku ya kwanza, akaandika la pili la kwenda kulisema: *wadogo wasikae mbele*.